Neno Kwenye Soksi

Kila chumba nilichowahi kupanga nimekiandikia neno moja juu ya mlango, upande wa ndani, mahali ambapo macho hugonga mtu anapotaka kutoka. NENO. Niliandika hivyo Lodwar, katika chumba cha mabati kilichokuwa kikilia kwa joto mchana kutwa. Niliandika Isiolo, nikaandika Mtwapa nyuma ya duka la vipuri, nikaandika Busia mara mbili kwa sababu nilihama nikarudi. Mimi ni mtu wa kuhama, na mtu wa kuhama anahitaji kitu kimoja kisichohama. Wengine hubeba picha ya mama yao. Mtwapa alikuja fundi wa mabomba, Mjaluo, kurekebisha sinki. Aliliangalia neno lile, akacheka, akaniuliza, "Neno ang'o?" Nilidhani amechanganya lugha kama sisi watu wa kwetu tunavyochanganya, anataka kujua ni neno gani. Nikamjibu, "Neno tu." Akatikisa kichwa, akarudi kwenye bomba lake. Kama ningemuuliza siku ile kilichomchekesha ni nini, ningejua mapema. Nilikuja kujua mwezi uliopita, kwenye mazishi karibu na Kosele, nikiwa nimeshika sahani ya viazi vitamu, na hadi leo ninapoandika haya bado nashtuka upya kila ninapofikia sehemu hiyo.

Aliyekufa ni Madam Awino, aliyekuwa mwalimu wetu wa michezo. Habari ilinikuta Busia nikifungua marobota ya mitumba. Aliyenipigia ni mwanafunzi mwenzangu wa zamani ambaye hatuongei ila mtu akifa. Akasema, "Robi, Madam ameenda." Nikauliza, "Ameenda wapi?" Kwa kweli niliuliza hivyo. Maishani mwangu kwenda ni kwenda mahali, na Madam Awino nilikuwa nimemweka kati ya vitu visivyokwisha, kama Mlima Homa. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akitukimbiza kuzunguka uwanja asubuhi, yeye mbele na tumbo la mimba kubwa, sisi nyuma tukihema, huku akigeuka kutuuliza, "Kwani mwenye mimba ni nani hapa?" Nilikaa juu ya robota nikiwa na sidiria za watu nisiowajua mapajani, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa uso wake. Kilikuwa ule wavu wetu wa tenisi, na harufu yake.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa kidato cha tatu. Nilihamishiwa shule ile ya wasichana kutoka Kegonga, na kwa nini nilihamishwa ni habari ndefu ya wazee, tuiache. Nilifika na sanduku la bati na Kikuria changu, nikakuta bweni refu lenye madirisha yasiyofungika vizuri, vitanda vya ghorofa vimepangwa kama viti vya kanisani, na harufu ya mafuta ya taa, sabuni ya kipande na viatu vya raba vilivyoloa. Kitanda changu kilikuwa cha juu. Cha chini kililaliwa na Achieng', msichana wa Sori, mrefu, mwenye shingo ya korongo na mdomo usionyamaza. "Mimi napenda chini," aliniambia siku ya kwanza. "Ngazi na mimi hatuelewani." Alisoma vitabu akiwa amevigusisha pua, na kwa hiyo wasichana walimwita Kanusa. "Kanusa, leo Biolojia inanuka nini?" wangemuuliza, naye angejibu bila kuinua uso, "Inanuka jina lako." Alikuwa akimwaga uji. Karibu kila asubuhi kikombe kilikuwa hapa na uji unaenda pale, na mezani kwetu palikuwa na ziwa dogo lililoitwa ziwa la Achieng'. Tulicheka. Nasema tulicheka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: kila kitu cha Achieng' kilikuwa kichekesho, na yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kucheka.

Lugha za nyumbani zilikatazwa pale. Aliyekamatwa akiongea Kiluo, Kikuria au Kikisii alivishwa kibao cha mbao shingoni, na alitembea nacho mpaka amsikie mwingine akikosea, amwachie. Mimi sikuwahi kukivaa. Kikuria ningeongea na nani? Kiluo nacho nilijua cha salamu na cha tumbo tu, na cha tumbo nilifundishwa na mpishi wetu, mama mnene tuliyemwita Min Odongo, ambaye kibao hakikumhusu. Alikuwa akiinua mwiko uliojaa nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, ananiuliza, "Ineno?" Nami nilifundishwa kujibu "Aneno, mama!" kama kasuku, jikoni kote wanacheka, naongezewa mwiko wa pili. Achieng' alikuwa nyuma yangu kwenye foleni kila mara. "Umeshakuwa nyar Sori wewe," angesema, maana yake binti wa Sori. Nami ningemrudishia kuwa yeye ni nyar Kegonga, tuone kama ataweza kula ugali wa wimbi.

Kiwanja cha tenisi kilikuwa kipande cha murram, udongo mwekundu wa barabarani, kilichoshindiliwa nyuma ya bwalo. Mistari tuliichora kwa jivu la jikoni, na mvua ikinyesha tuliichora tena. Wavu wa kiwanda ulikuwa umeoza kabla sijafika, na Achieng' ndiye aliyeleta mwingine kutoka kwao baada ya likizo: wavu wa kuvulia samaki, uliochakaa, uliokunjwa mara mbili na kushonwa kwa uzi wa buluu. Muhula mzima kiwanja kilinuka omena, dagaa wa ziwani. Paka wa shule walikuja kukaa chini ya wavu kama mashabiki, na Madam Awino alisema hao ndio pekee waliokuja mazoezini kwa wakati. Raketi zilikuwa chache na zimekatika nyuzi. Achieng' alitengeneza yake: mpini aliuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga kwa uzi uleule wa buluu, mafundo matatu makubwa, ili kidole gumba kijue kilipo bila yeye kutazama. Nilidhani ni urembo.

Kuna siku moja ya mwaka ule ambayo nilikuwa nimeitupa kabisa, na sasa inarudi kila nikifumba macho. Walikuja watu wa kupima macho, wakatundika chati ya herufi ukutani pa bwalo, na tukapangwa mstari. Achieng' alikuwa mbele kabisa. Akatoka, akaja akasimama nyuma yangu. "Soma kwa sauti," akaninong'oneza. "Wewe una sauti mbaya, wacha wateseke." Nikasoma kama mtangazaji, mstari kwa mstari, mpaka yule mzee wa miwani akaniambia, "Pole pole, binti, siko Kisumu." Achieng' akafuata. Akasoma herufi zilezile, kwa mpangilio uleule, kwa sauti yangu, akiniiga mpaka lafudhi ya Kikuria. Bwalo likavunjika kwa vicheko. Mzee wa miwani akaandika kwamba yuko sawa.

Sasa niseme kuhusu akili yangu. Ilianza kuzurura kabla ya miguu. Nilikuwa na mkono mzuri wa tenisi, Madam alisema hivyo mwenyewe, lakini nikikosa mpira mmoja niliendelea kuufikiria mpaka mitatu mingine inipite. Au nilisikia lori la miwa barabarani nikaanza kujiuliza linakwenda wapi. Na kwa sababu akili haikai, mwili nao haukukaa. Tulipocheza wawili wawili, mimi na Achieng', nilivuka upande wake kila mara, nikampora mipira. "Robi!" Madam angepaza sauti. "Unazurura kiwanjani kama mbuzi wa jirani! Mpeane neno, kila mtu akae upande wake!" Jioni moja alituketisha kwenye ngazi za bwalo, akachana karatasi ya daftari vipande vidogo. Akasema kichwa cha mchezaji ni kama soko la Kosele siku ya mnada, kila mtu anapiga kelele, na dawa yake ni kuandika neno moja au mawili, kuyaficha kwenye soksi, na kuyasoma kila mnapobadilishana upande. Usomapo, soko linanyamaza. "Na hutajiandikia mwenyewe," akasema. "Mwenzako ndiye anayekuandikia. Yeye ndiye anayejua unachohitaji." Halafu akatuacha, akaenda kumnyonyesha mtoto.

Nilimwandikia Achieng' haraka: MPIRA HUU, SI ULE. Kwa kweli hiyo ilikuwa dawa yangu mimi, lakini nilidhani wote tunaugua ugonjwa mmoja. Yeye alikaa sana. Alikigusisha kipande cha karatasi pua, akaandika, akakikunja, akakishika kwa muda kabla ya kunipa. Nikakikunjua. NENO. Herufi kubwa, zimelalia upande mmoja.

"Neno gani?" nikauliza.

"Ndiyo hilo," akasema. "Lishike, nyar Kegonga. Usiniangushe."

Sikuwahi kumwona akiwa hana kicheko usoni, na jioni ile hakuwa nacho. Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Madam ametoka kusema tupeane neno, kila mtu akae upande wake. Achieng' amechoka kuporwa mipira yake, na kwa sababu ni rafiki yangu ameniambia kwa upole. Niliona aibu, halafu nikaona fahari, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniomba nitulie mahali kwa namna ile. Nikaahidi. Tangu siku ile nilisimama upande wangu kama nguzo. Mpira wa katikati niliuacha. Mpira wa upande wake niliutazama ukipita. Kitu pekee ambacho sikuweza kukizuia ni mdomo: "Wako! Chini! Kushoto! Unakuja mrefu!" Nilipayuka mechi nzima, na wapinzani walilalamika, na Achieng' alicheza vizuri kadiri nilivyopayuka. Alikuwa akianzisha mpira kama mtu anayetupa jiwe kisimani, bila wasiwasi, kila mara panapotakiwa. Kuupokea ndiko kulikomshinda siku nyingine. Niliona anakosa zaidi kuliko zamani, na nilijisemea moyoni ni mambo ya kuzoea, sasa anaachiwa mipira yake yote.

Hata hivyo tulishinda, na kushinda, mpaka tukafika mechi ya mwisho ya kanda, Homa Bay mjini. Washindi wangekwenda Kisumu kwa mashindano ya mkoa. Leo hilo linaonekana dogo, mimi niliyelala stendi za nusu ya nchi hii. Mwaka ule lilikuwa kubwa. Achieng' alilizungumzia kila usiku kutoka kitanda cha chini. Alitaka kuona kiwanja cha tenisi cha kweli chenye saruji, alitaka kuona taa za mji kutoka mlimani, alitaka kuona gari moshi. "Nataka kuona," alisema, na orodha iliendelea mpaka nilale. Niliwaza: msichana huyu ana tamaa ya macho.

Wapinzani wetu walitoka upande wa Migori, dada wawili wenye miguu ya swala, na karibu shule yao nzima ilikuwa ya Wasabato. Mechi iliwekwa Ijumaa mchana. Mvua ikanyesha. Tulipoanza ilikuwa jioni, na mwalimu wao akaja kwa mwamuzi, akaonyesha jua kwa kidole: likizama, Sabato imeingia, wasichana wake wanaweka raketi chini hata kama mpira uko hewani. Mwamuzi alikuwa mwalimu kutoka Kisii, mtu mfupi mwenye filimbi kubwa. Akasema basi tukimbie. Tukakimbia. Tulipoteza seti, tukashinda seti, na jua lilikuwa linashuka upande wa Mbita kama limeitwa.

Kila tulipobadilishana upande niliinama, nikatoa karatasi kwenye soksi, nikasoma, nikarudisha. Achieng' naye aliigusisha yake pua, akaikunja. Katika seti ya mwisho mashabiki wao wakaliona hilo. "Wako na bilo!" mmoja akapiga kelele. Bilo ni dawa ya kishirikina, ile ambayo watu wa mpira wa miguu kwetu wanashutumiana kwamba imefukiwa golini. "Huyo mrefu anainusa! Ebu angalia, anainusa!" "Ndiyo maana mipira inamfuata!" Kelele zikapanda mpaka mwamuzi akapuliza filimbi, akaja akanyoosha mkono.

"Leteni hizo karatasi."

Alianza na ya Achieng'. Akasoma kwa sauti, "Mpira huu, si ule." Akaigeuza nyuma, kwa sababu hakuamini kwamba imeisha. Watu wakacheka. Akachukua yangu. "Neno." Akaisoma tena. "Neno. Neno gani hili?"

Nilimtazama Achieng'. Alikuwa amekaza macho kwenye raketi yake, anapapasa yale mafundo kwa kidole gumba. Ndipo mama mmoja wa upande wao, amebeba mwavuli, akasema kwa nguvu, "Mwalimu, wacha hao watoto! Amebeba Neno la Bwana kwenye soksi, sasa hilo ni bilo?" Akatokea wa pili, "Amina!" Na wale wasichana wa Sabato, waliokuwa wakitaka tufukuzwe, wakanyamaza, mmoja akaniangalia kwa heshima. Mwamuzi akanirudishia karatasi yangu kwa mikono miwili. Nakumbuka nilitaka kucheka, nikamtafuta Achieng' tucheke wote. Uso wake ulikuwa na jasho na hofu, kama mtu ambaye gari limempita kwa unywele.

Tulifika gemu ya mwisho tukiwa sawa, na pointi zikawa sawa. Jua lilikuwa limegusa vilima. Mwamuzi akatangaza kwamba inachezwa pointi moja tu, atakayeipata ndiye mshindi, watu waende kusali. Madam Awino alikuwa amesimama nyuma ya mstari na mtoto mgongoni, amefumba mdomo kwa khanga. Achieng' akaanzisha. Mpira ulirudi, nikaupiga, ukarudi, nikaupiga. Halafu yule dada mkubwa akauinua juu, juu sana, juu ya vichwa vyetu, ndani kabisa ya ule mwanga mwekundu, na nikaona kwamba utashuka katikati, kidogo upande wa Achieng'. Ningeufikia. Miguu yangu, ile ya kuzurura, ilikuwa imeshaanza kwenda.

"Neno!" Achieng' akapiga kelele. "Neno, Robi!"

Nikasimama. Nikakumbuka neno letu, nikalishika, nikabaki upande wangu. Achieng' alizungusha raketi kwa nguvu zake zote, na raketi ikapiga hewa. Haikukaribia hata kidogo. Mpira ulianguka nyuma yake juu ya mstari, ukarusha vumbi la jivu, na upande wa pili wakalipuka kwa wimbo wa dini.

Tulirudi shuleni kwenye lori, tumekalia magunia. Tulipopita njia panda ya Rangwe akasema, bila kunigeukia, "Si niliita?"

"Nilikusikia," nikamwambia. "Ndiyo maana nilisimama."

"Sawa," akasema, akalaza kichwa upande wa pili. Baada ya likizo kitanda cha chini kilipewa msichana mwingine. Niliambiwa amehama. Wapi, hakuna aliyejua. Madam nilipomuuliza alisema tu, "Muache mwenzako," na sauti yake ilinifungia mlango. Nikadhani Achieng' alishindwa kuvumilia aibu ya raketi kupiga hewa mbele ya watu. Nilimaliza shule, nikaanza kuhama, na kila nilipofika nikaliandika lile neno mlangoni. Nilijiambia: ulishika neno. Yote mengine yanaweza kukushinda, lakini ulipopewa neno, ulilishika.

Sasa turudi Kosele. Nilifika jioni, nikalala kwa jirani wa marehemu, na asubuhi wageni wa mbali tukaandaliwa chai na viazi vitamu chini ya hema. Mtu alisimulia jinsi Madam alivyomfukuza mkaguzi kiwanjani kwa sababu ya viatu, nikacheka. Nyuma yangu sauti ikasema, "Huyo fisi wa Kegonga bado hajafa?"

Nikageuka. Mwanamke mrefu, shingo ileile, amevaa kitambaa cha kichwani na miwani ya giza. Alikuwa amegeuza uso kunielekea, lakini haukunifikia, uliishia kando kidogo, kwenye sikio langu. Tulikumbatiana mpaka chai ikamwagika. Aliniambia ni matroni katika shule moja ya bweni Migori, na kwamba watoto wanamwogopa kwa sababu anajua nani hajalala kwa kusikiliza pumzi. Nikacheka tena. Akavua miwani kupangusa machozi. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kama maziwa.

"Achieng', umepatwa na nini?"

"Limepatwa zamani," akasema. "Hili la kushoto linaona kidogo, nikiweka kile kilenzi cha plastiki cha kubandika jichoni. Leo sikuweka, ya nini, nikilia kitatoka. Kwani umesahau? Si ulinibeba mwaka mzima?"

"Kukubeba vipi?"

Akatabasamu kama mtu anayengoja mwenzake aache mzaha. Kisha tabasamu likaanza kushuka. "Robi. Mimi sikuwa naona. Mpira mmoja nilikuwa naona mitatu, nilijifunza kupiga wa katikati. Juani ilikuwa kumi. Wewe ulikuwa unaniita, kushoto, chini, mrefu. Na mingine yangu ulikuwa unakuja kuichukua. Nikajua huyu ameelewa, hata bila kumwambia. Halafu ghafla ukaacha kuja. Nilikuandikia kabisa!"

"Uliniandikia neno."

"Ndiyo. Neno."

"Neno. Kwamba tumepeana neno, kila mtu akae..."

"Neno, Robi!" Akanishika mkono kwa nguvu. "Neno! Kuona! Min Odongo alikuwa anakuuliza nini kila siku kwenye foleni? Ineno? Unaona? Na wewe unajibu, aneno, naona! Unaongezewa nyoyo! Si nilikuwa nyuma yako nasikia? Ningeandika ONA kwa Kiswahili, Madam angesema aone nini, kwa nini, na siku hiyohiyo ningetolewa timu. Nikakuandikia kwetu, nikajua hiyo wewe unaijua."

Viazi vilikuwa chini, sijui vilianguka saa ngapi. Nilihisi kama mtu aliyeishi katika nyumba miaka yote, halafu mgeni anakuja anamwonyesha kwamba ukuta wa sebuleni ni mlango. Aneno. Ineno. Sikuwahi kuiondoa ile herufi ya mbele nione kilichobaki. Kila mlango niliouandikia, Lodwar, Isiolo, Mtwapa. Neno ang'o? Yule fundi alikuwa akiniuliza: kuona nini? Na mimi nikamjibu, kuona tu.

"Siku ile Homa Bay," nikasema. "Ulipoita."

"Sikuwa na mpira hata mmoja juu kule. Kulikuwa na moto tu. Nikaita, ona, Robi, ona wewe. Nikasikia viatu vyako vinakuja. Halafu vikasimama." Alivaa tena miwani. "Ukaniambia kwenye lori ulinisikia, ndiyo maana ulisimama. Nimekaa na hiyo, Robi. Nimekaa nayo sana. Nikajiuliza nilimkosea nini nyar Kegonga."

Nilimweleza. Sikumaliza, kwa sababu alianza kucheka katikati, kicheko kile cha ziwa la uji mezani, mpaka wamama wa jikoni wakatugeukia kwa macho makali. Alicheka huku akinipiga begani. "Woi! Woi, Madam, njoo usikie! Alidhani ni neno! Na yule mama wa mwavuli, alidhani ni la Bwana!" Halafu kicheko kikageuka, akapangusa macho chini ya miwani. Akasema Madam ndiye aliyegundua, jioni ileile ya mechi, kwa kuona jinsi raketi ilivyopita mbali na mpira. Ndiye aliyempeleka hospitali ya macho, akarudi naye mara nyingi, akamtafutia shule nyingine karibu nayo. "Nilimwomba asikwambie. Nilidhani unajua na hukutaka."

Wakati wa kwenda kaburini ulifika. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kushuka nyuma ya nyumba ilikuwa utelezi mtupu, watu wanashikana. Achieng' hakunipa mkono. Alisimama kando yangu, upande wa kushoto, pale alipokuwa akisimama kiwanjani, akakunja sketi kidogo.

"Neno," akasema kwa sauti ndogo.

Nikatazama. "Jiwe, kulia," nikamwambia. "Mtaro, ruka mrefu. Sasa kamba ya hema, inama." Akainama. Watu walitupisha, wengine wakishangaa mwanamke anayepayuka mazishini. "Matope. Matope tena. Simama, tumefika." Akataka kujua kuna nini. Nikamwambia nilichokiona: udongo mwekundu, maua ya karatasi, jeneza la rangi ya chai, na juu ya jeneza familia imeweka raketi ya zamani.

"Ya Madam?"

Niliinama niitazame vizuri. Nyuzi zilikuwa zimeoza. Mpini ulikuwa umezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli, umefungwa kwa uzi wa buluu, mafundo matatu.

"Hapana," nikasema. "Yako."